Taa Huwaka Hata Bila Ethi

Waliokuja kutupa pole walikuja kila mtu na maelezo yake. Mmoja alisema kuna mkono wa mtu. Mwingine alisema nyumba tulihamia bila kuiombea. Jirani mmoja, mpole, asiye na maneno mengi, alininong'oneza jikoni kwamba zawadi ya mbali haipokelewi hivi hivi. Mume wangu alikuwa kitandani, mfupa wa paja umevunjika, na kila aliyeingia aliitazama kwanza taa iliyoning'inia sebuleni ndipo akapita chumbani kumjulia hali mgonjwa.

Natoa ushuhuda huu kwa sababu Mungu alituvusha katika mambo mawili kwa mpigo: ugonjwa wa mume wangu na fitina iliyoingia katika ukoo. Ugonjwa ulitibiwa na madaktari. Fitina ilitibiwa na mzee mmoja aliyekuja na testa mfukoni.

Sisi ni wakulima wa Kichiwa, mkoani Njombe. Tunalima mahindi na viazi mviringo, na kama wenzetu wengi siku hizi tumepanda na parachichi. Utoto wangu wote nilisoma kwa koroboi. Ukitaka kuona umeme ulikwenda Makambako, penye stesheni ya TAZARA na njia panda ya kwenda Songea. Hata njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018, kwa mwanakijiji ule ulikuwa umeme wa kupita juu. Ulioingia majumbani mwa watu wa vijijini ni ule wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ambao mtu huunganishiwa kwa shilingi 27,000. Sisi tulipowashiwa, wanawake tulipiga vigelegele, na mama mkwe wangu alikaa usiku ule akitazama balbu kama anayesubiri izimike.

Balbu ile ya kwanza ilikaa kwenye holda ya plastiki. Haikutusumbua hata siku moja. Baadaye tuliweka dari sebuleni, na wifi yangu, dada yake mume wangu, anayefanya biashara Dar es Salaam, akatuletea taa ya kuning'inia kutoka Kariakoo. Ilikuwa ya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, ina mikono mitano na mnyororo. Ilikuja na basi hadi Makambako, imefungwa kwenye boksi na matambara, na fundi mmoja wa karibu akaitundika. Ikawaka. Watoto wa jirani walikuja kuitazama kama wanavyokwenda kutazama mpira.

Desemba ile, siku chache kabla ya Krismasi, mume wangu aliamua kuifuta vumbi. Nilikuwa nimetoka kupiga deki, sakafu ya saruji bado mbichi. Alizima swichi ukutani, maana ni mtu mwangalifu. Akavua ndala, akapanda juu ya kiti cha chuma, akashika mkono mmoja wa taa kwa kitambaa kibichi. Nilisikia kishindo zaidi kuliko nilivyosikia sauti yake. Nilipofika alikuwa chini, kiti kimeanguka upande, mguu wake umelala vibaya, na taa inabembea. Bahati yake, kama ni ya kuitwa bahati, ni kwamba kuanguka kulimwachanisha na ile taa. Mwanangu alikimbilia meni swichi akaizima kabla mtu yeyote hajagusa kitu. Hilo alifundishwa shuleni, na namshukuru mwalimu wake hadi leo.

Hospitalini walimpima moyo kwanza, kwa sababu umeme ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo hata kama mtu anaongea vizuri. Moyo ulikuwa salama. Paja ndilo lililokuwa kazi. Walimlaza mguu ukivutwa kwa uzito, na siku zikapita pale huku viazi vyetu vikiwa shambani. Anayelima Njombe anajua maana yake. Mvua za Januari zikishika, bakajani ya viazi haimsubiri mgonjwa apone. Nilibeba pampu mgongoni nikapuliza dawa mwenyewe, alfajiri, kisha nikapanda gari kwenda kumpelekea chakula. Tulikopa kwenye VICOBA. Ada ya mtoto ilichelewa. Sikuwa na usingizi wa kutosha, lakini nilikuwa na hasira ya kutosha, nayo ilinifikisha mbali.

Jambo lililonichosha zaidi ya shamba lilikuwa maneno. Mume wangu alikuwa amezima swichi. Kila mtu alijua. Taa iliyozimwa inampigaje mtu shoti? Swali hilo halikuwa na jibu kijijini, na jambo lisilo na jibu hutafutiwa mtu. Mtu aliyepatikana alikuwa wifi. Ndiye aliyenunua taa, ndiye anayeishi mbali, ndiye aliyefanikiwa, na zamani aliwahi kupishana na kaka yake juu ya kipande cha shamba la baba yao. Mama mkwe, aliyemzaa mwenyewe, alianza kusema, "Taa hii imekuja na neno." Wifi alipokuja kumwona mgonjwa, watu walimsalimia kwa adabu ya kupindukia, ile ambayo Wabena wa kwetu wakikufanyia ujue hupendwi. Aliondoka ugali ukiwa nusu. Mume wangu aliporudi nyumbani na magongo alikataza dada yake asemwe vibaya mbele yake, kwa hiyo akasemwa nyuma yake.

Tukarudi kwenye taa ya sola na mshumaa. Meni swichi ilibaki imezimwa, na mahindi ya kusaga tulipeleka mashineni kwa sala kana kwamba nako umeme ungetufuata.

Mzee aliyetuokoa alikuwa mstaafu wa reli. Alifanya kazi ya umeme TAZARA miaka mingi, sasa anaishi Makambako, na rafiki wa mume wangu alikutana naye baada ya ibada akamsimulia kisa. Alikuja siku ya mvua nyepesi, amevaa viatu vyenye soli nene ya mpira. Alimwamkia mama mkwe kwa "Kamwene", akaketi, akanywa chai yote, akauliza habari za mvua na za viazi. Hakuuliza nani aliileta taa. Aliuliza nani aliifunga.

Kisha akaomba meni swichi iwashwe. Watoto walitoka nje wenyewe.

"Mama, hebu zima swichi ya hii taa," aliniambia. Nikazima. Akapanda ngazi ya mbao, akaweka kidole gumba juu ya kichwa cha testa, akagusisha ncha kwenye mnyororo. Kijitaa kilichomo ndani ya testa kikawaka chekundu. Akagusa mkono wa taa, kikawaka. Akagusa kikombe cha chuma kinachofunika tundu la dari, kikawaka. Balbu zote tano zilikuwa zimezimika, na chuma chote kilikuwa na umeme.

Testa haikumtosha. Alikuwa amepigilia nondo fupi nje kwenye udongo uliolowa, akaivutia waya mrefu hadi sebuleni. Akashika mita, waya mmoja kwenye ile nondo, mwingine kwenye taa. Ikasoma volti 226. Akamwita mama mkwe asogee aione namba, akamweleza kwa Kibena kisha akarudia kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Angeshika askofu, ingempiga. Angeshika aliyeinunua, ingempiga. Umeme haumjui mtu kwa jina."

Mama mkwe hakusema kitu. Aliitazama mita hadi mzee alipoizima.

Mzee akazima meni swichi, akajaribu tena kwa testa kuhakikisha, ndipo akaishusha taa na kuiweka mezani. Alitufungulia mbele ya macho yetu, na mambo yalikuwa matatu.

La kwanza, taa ile nzito ilikuwa imening'inizwa kwa waya wake wa umeme. Mnyororo ulikuwa wa urembo tu, haukufungwa popote. Kila mlango ulipogongwa na upepo taa ilibembea, na waya wa kahawia, yaani laivu, ule unaoleta umeme, ulisuguana na ukingo wa tundu la chuma. Plastiki ilikuwa imelika, shaba inang'aa kama jino. Pale ndipo laivu ilipogusa mwili wa taa.

La pili, swichi ilikuwa imekata nyutro badala ya laivu. Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali la kijiji kizima. Ukikata nyutro, balbu inazimika kwa sababu umeme umekosa njia ya kurudi, lakini laivu inabaki imefika hadi kwenye taa, inasubiri njia nyingine. Mume wangu, pekupeku juu ya kiti cha chuma kwenye sakafu mbichi, alikuwa ndiyo njia hiyo.

La tatu ndilo aliloliongelea kwa muda mrefu. Taa ilitoka kiwandani na waya tatu: kahawia, bluu, na wa kijani wenye mstari wa njano. Huo wa tatu, waya wa ethi, ulikuwa umekatwa mfupi na kuzungushiwa tepu nyeusi. Fundi hakuuunganisha kwa sababu darini alikuta waya mbili tu. Wayaringi ya taa ilikuwa imefanywa kwa laivu na nyutro, na ethi ikaishia kwenye soketi.

"Na taa iliwaka vizuri," nilimwambia.

"Itawaka," akajibu. "Taa haihitaji ethi ili iwake, mama. Mtu ndiye anayeihitaji. Ndiyo maana hakuna anayeuliza."

Alitueleza mazoea hayo yalikotoka. Zamani taa za majumbani zilikuwa balbu moja kwenye holda ya plastiki au ya bakelaiti. Hapakuwa na chuma cha kushika, kwa hiyo waya mbili zilitosha. Hata Uingereza, ambako ufundi wetu ulirithi mengi ya kanuni zake, ni kanuni za mwaka 1966 zilizoanza kudai ethi ifike kila penye taa. Nyumba nyingi huku kwetu bado zinafungwa kwa mazoea ya balbu na holda. Umeme ukiingia, mtu anaanza na balbu; fedha ikipatikana, ananunua taa ya chuma ya kupendeza na kuitundika penye waya mbili. Nyumba imebadilika, wayaringi imebaki ileile.

Kazi ya ethi aliieleza kwa kutuonyesha mfereji wa maji ya paa unaopita nje ya dirisha. Maji hayaachi kushuka kwa kuwa huna mfereji; yataingia ndani. Ethi ni mfereji wa umeme uliopotea njia. Chuma kikiguswa na laivu, umeme unakimbilia ardhini kupitia waya wa kijani, na wingi wake unafanya sakiti breka ikate. Mtu akija kushika, anakuta kimekatwa.

Hapo mume wangu, aliyekuwa kimya kwenye kochi na magongo yake, akauliza kama basi tuunganishe tu ule waya na ethi ya soketi. Mzee akasema twende tukaione kwanza.

Ethi rodi yetu, ile nondo ya kupeleka umeme ardhini, ilikuwa imepigiliwa chini ya upenu, kwenye kifusi, mahali ambapo mvua haifiki. Alikuwa ameazima kipimo cha ethi kwa fundi mwenzake. Kikasoma omu 140, tena wakati wa mvua. Akachukua kijiti akaandika kwenye udongo: 230 ugawe kwa 140. Jibu ni ampia 1.6. "Breka yenu ya taa ni ya ampia 10," akasema. "Hiyo haitashtuka. Itakaa inautazama umeme unavuja, na chuma kitabaki na moto uleule. Septemba udongo ukikauka, itakuwa mbaya zaidi."

Namba ile ilinishangaza kuliko yote, kwa sababu siku zote niliamini breka ipo kwa ajili yetu. Breka inalinda waya zisiungue. Mtu anaweza kushindwa kuachia kitu alichokishika kwa umeme wa takriban miliampia 10, yaani sehemu moja ya mia ya ampia moja, na moyo wake ukavurugika kwa kiasi ambacho breka haitakihisi kabisa. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, mafundi wanakiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa miliampia 30 tu, kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Nyumba yetu haikuwa nacho.

Kazi ya kutengeneza aliifanya yeye na kijana wake. Walipigilia nondo mbili mpya zilizopakwa shaba karibu na migomba, maji ya bafuni yanakotoka na udongo unakokuwa mbichi hata kiangazi, wakazitenganisha na kuziunganisha kwa waya mnene wenye vibano. Kipimo kikashuka hadi omu 40 na kidogo. Wakafunga RCD kwenye boksi la meni swichi. Wakavuta waya wa kijani na njano darini hadi kila penye taa, si sebuleni peke yake. Wakahamisha swichi zikate laivu. Kwenye kenchi wakapigilia ndoano ya chuma iliyopita kwenye mbao nene, na taa ikaning'inia kwa mnyororo wake, waya ukiwa umelegea, hauvuti kitu. Tundu la chuma wakalivalisha kipete cha mpira. Gharama yote, na chakula chao ndani yake, ilikuwa kama bei ya magunia matatu ya viazi. Magongo, nauli na riba ya VICOBA vilikwishakula mengi kuliko hayo.

Walipomaliza mzee alibonyeza kitufe chenye herufi T kwenye RCD, na nyumba nzima ikazimika kwa mpigo. Watoto wakapiga kelele za furaha. Tangu hapo kila mwanzo wa mwezi mtoto mmoja hukibonyeza, na wanagombania zamu.

Wifi alikuja Pasaka. Mama mkwe alimpigia simu mwenyewe, akamwambia aje. Siku ile, mbele yetu sote na baadhi ya majirani waliokuwapo, mama mkwe alisema, "Mwanangu, nilikufikiria vibaya. Nimeonyeshwa." Wifi alilia, mume wangu akalia, mimi nikaenda kuangalia wali usiungue. Kwa mila zetu mzazi kumwambia mtoto maneno hayo hadharani si jambo dogo. Na yule jirani aliyeninong'oneza jikoni, naye alikuwapo, akatazama chini, na kwa kuwa tumepitia mengi sikumsemesha zaidi ya kumwongeza nyama.

Kwa wanaosoma ushuhuda huu na wana taa ya chuma darini, au wanataka kuitundika, nasema niliyofundishwa. Tazama kibandiko cha taa kabla ya kulipia. Ukiona alama ya ethi, yaani mstari wima juu ya mistari mitatu inayopungua, taa hiyo haifai kutundikwa penye waya mbili, hata fundi akikuapia. Ukiona mraba ndani ya mraba, hiyo imekingwa mara mbili na imetengenezwa isihitaji ethi. Ukitaka kufuta vumbi au kubadilisha balbu, zima meni swichi, usiiamini swichi ya ukutani. Vaa viatu vikavu, panda kitu cha mbao. Fundi akitaka kuunganisha waya wa ethi na nyutro ili mambo yaishe, mkatalie. Siku nyutro ikikatika huko nje, chuma chako chote kitakuwa laivu. Na fundi mwenyewe mwulize leseni yake ya EWURA, kwa adabu, kabla hajafungua mkoba. Mwenye leseni haoni aibu kuionyesha.

Nimesikia watu wakisema mambo haya ni ya matajiri wa mjini. Siyo. Tajiri wa mjini ana fundi wa kumpigia simu usiku. Sisi, gari la wagonjwa likitoka mbali na barabara imelowa, ndio tunaohitaji zaidi kifaa kinachokata chenyewe.

Mume wangu sasa anatembea. Anachechemea kidogo asubuhi za Julai baridi inapouma, lakini msimu uliopita alipuliza viazi mwenyewe. Kitongojini kwetu nyumba zinajengwa kila mwaka, na mafundi wamekwisha kumjua. Hupita mapema, kabla dari haijafungwa, akauliza swali moja: waya wa tatu wa taa uko wapi? Fundi aliye nao huuonyesha. Asiye nao hurudi dukani, maana mwenye nyumba huwa amesimama palepale anasikiliza.